Jibu Lililotoka Tanga

Chiku alikaa, akainuka, akakaa, akainuka tena. Kiti hakikuwa na kosa. Kilikuwa laini kuliko viti vyote alivyovikalia tangu ahamie Mwanza, lakini mtu anayesubiri kuambiwa kama kesho ataiona au hataiona hatulii hata umtandikie godoro la sufi.

"Dada Chiku, tulia basi," alisema Koku, muuguzi wa kituo, mwanamke wa Kihaya mwenye sauti ya upole na miwani iliyoteleza mpaka ncha ya pua. "Habari ni njema. Mmekubaliana."

"Nani na nani?"

"Wewe na wewe," Koku akacheka kidogo. "Wewe umesema Mwanza. Mwenzio wa Tanga naye asubuhi hii kasema Mwanza. Yamekwisha hayo."

Mtu mwenye akili zake hapo angepiga vigelegele. Chiku akainuka tena.

Kisa chenyewe kilianza Dar es Salaam, karakana ya treni alikokuwa fundi ilipofungwa na miji miwili ikamtaka kwa wakati mmoja. Mwanza walimpa gari za kamba, yale masanduku ya vioo yanayoning'inia kwenye nyaya na kuvusha watu kutoka kilima hadi kilima juu ya mawe. Kazi kubwa, mafundi chini yake, kelele kutwa. Tanga walimpa chuo kidogo cha kufundisha vijana kuunda baiskeli, nyumba yenye ua kule Chumbageni, na jioni ndefu za kufanya atakalo. Na huyu Chiku, tusidanganyane, ni mtu anayeweza kusimama mbele ya vitenge viwili mpaka mwenye duka akaanza kufagia. Mama yake kule Kisarawe alimwambia apige moyo konde achague. Yeye akaenda Panda, kampuni ya kurudufu watu.

Panda walikuwa na dawa ya watu wa namna yake. Walimlaza, wakaupiga picha ubongo wake tabaka kwa tabaka, wakaotesha mwili wa pili kwenye birika la maji ya uvuguvugu, wakaumimina ule ubongo humo kama ulivyo. Kisha wakawaamsha wawili, mmoja Mwanza, mmoja Tanga, na hakuna aliyeambiwa yuko katika mwili upi, ule wa kuzaliwa au ule wa kuotesha. Miezi mitatu kila mmoja aishi kivyake, wasionane, wasiandikiane. Ikiisha, wote wawili wanaulizwa mji gani. Mji uliochaguliwa, Chiku wake anaendelea na maisha. Yule mwingine anapumzishwa.

Hilo ndilo neno lao, kupumzishwa. Zamani walijaribu kuunganisha kumbukumbu za wote wawili katika kichwa kimoja, watu wakawa wanaamka hawajui choo kiko upande gani, wanamwita mume jina la mwingine. Wakaacha. "Hupotezi kitu," walimwambia siku ya kwanza. "Atakayebaki ni wewe. Atakayepumzishwa ni wewe. Mtu hawezi kujifia mwenyewe." Na Chiku akaona ni kweli, kwa sababu siku ile alikuwa bado mmoja.

Sasa alikuwa na miezi mitatu ya Mwanza mwilini. Alikuwa ameshapanda nguzo ya Igogo kwenye upepo unaotaka kumvua kofia. Alikuwa na shoga, Milembe, fundi wa nyaya, Msukuma mwenye mabega ya mbeba zege, aliyemkaribisha kazini kwa kumnyang'anya chakula chake mbele za watu. "Mzaramo hapa atakufa njaa," alimtangazia kila mtu. "Hapa hatuuzi mavuno tukacheze ngoma!" Na Chiku akamjibu kwamba afadhali kufa ukicheza kuliko kufa ukihesabu ng'ombe. Ndiyo utani wa Mzaramo na Msukuma, wa mababu, na anayekasirika ndiye mjinga. Tangu siku hiyo wakapatana.

"Nataka kumsikia," alisema Chiku.

Koku alisukuma miwani juu. "Kumsikia nani?"

"Huyo wa Tanga. Akisema ndiyo yake. Si haki yangu?"

"Ni haki yako. Ila hakuna anayeombaga."

"Mimi naomba."

"Anayemwuliza ni Luhende, mhudumu wetu wa kule," alisema Koku, akagusa ukuta, na sauti ikajaa chumbani. Chiku alishika ukingo wa meza. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe kwenye kinasa huichukia, lakini hii hakuichukia. Ilikuwa na kicheko ndani yake kabla hata ya maneno.

"Haya, Mzaramo," ilisema sauti ya mwanamume, nzito, ya kanda ya ziwa. "Siku zimeisha. Unakuja kwetu Mwanza ukajifunze kufanya kazi, au unabaki hapa kwa wavivu wenzio?"

"Mwanza, Luhende! Nipelekeni Mwanza!" Chiku wa Tanga alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. "Nikafie huko mnizike na jembe. Tena mniwekee na michembe yenu, viazi vikavu hivyo, kaburini, nisije nikashinda njaa."

"Kwa hiyo Mwanza?"

"Mwanza, baba. Tanga nimebakiza nini miye?"

Ikafuata mlio mfupi wa mtambo, kwamba jibu limepokewa na mlango umefungwa. Kwa mbali kidogo, kabla kinasa hakijazima, mtu mwingine alisikika akiita, "Chiku! Chai inapoa huku!" Sauti ya mwanamume, si ya Luhende. Sauti ya mtu aliyezoea kumwita.

"Umesikia?" alisema Koku. "Mwanza, mara ngapi sijui. Wala hakusita."

Naam, hakusita. Hapo ndipo Chiku alipoelewa. Yeye, Chiku, ambaye hata kuulizwa chai au kahawa hunyamaza kwanza, hajawahi kujibu jambo zito bila kusita tangu azaliwe. Na lile "baba," na lile jembe, na michembe kaburini! Mhaya wa watu atajuaje? Kwake yeye yale yalikuwa maneno tu, na maneno yalisema Mwanza. Mtambo nao ulifundishwa maneno. Lakini Mzaramo yeyote angejua, na Msukuma yeyote angejua, kwamba yule mwanamke alikuwa anamtania mtani wake, na kwamba kwa mtani unasema kinyume cha kilicho moyoni, tena kwa nguvu. Yule mwanamke alikuwa anasema, sibanduki hapa.

"Yuko wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Ameshachomwa sindano ya kwanza. Anayechagua mji wa mwenzie huchomwa papo hapo, ndiyo utaratibu, watu wasije wakaanza kujitesa kwa mawazo. Amelala. Wewe ukiweka sahihi yako ya sauti, tunamalizia."

"Na mtu akipinga?"

Koku alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kupinga nini, dada? Umeshinda."

"Nauliza tu."

"Mmoja akipinga makubaliano, jibu lake yeye linafutwa. Anabaki hana jibu. Yule mwenzie anaamshwa, anaulizwa upya, na atakalosema ndilo hilo hilo." Akaivua miwani. "Sasa ukipinga, kisha yeye aseme Tanga, wewe ndiye unayepumzishwa. Unanielewa? Wewe. Leo hii hii."

"Naomba nitoke kidogo nipate hewa."

Alitoka barazani. Alitembea mpaka mwisho, akarudi, akaenda tena. Chini yake Mwanza ilikuwa inachemka kwa jua la mchana, mawe yamekaa juu ya mawe, na gari zake za kamba zikipita angani moja baada ya nyingine, zimejaa watu wanaokwenda zao. Gari ya tatu ilikuwa inayumba kidogo upande wa kushoto. Lazima mtu aikaze kesho. Nani? Alitamani kupiga ukuta kwa ngumi.

Si kosa lake! Hakumwambia yule mwanamke atanie saa ya kuulizwa. Mtu mzima anaulizwa swali la uhai wake anaanza habari za michembe, sasa nani alaumiwe? Anyamaze tu. Aingie ndani, aseme ndiyo moja, jioni akale samaki na Milembe, na hakuna kiumbe duniani atakayejua. Luhende labda atajua. Lakini Luhende anaogopa kupoteza kazi, naye atanyamaza. Na kwani anauawa nani? Si yeye mwenyewe? Si ndivyo walivyosema?

Alitoa simu akampigia Milembe. Hakujua anataka kuambiwa nini.

"Mtani," alisema, "niko Panda. Huenda leo nikafa."

"Ufe tu!" alipaza Milembe, na nyuma yake nyaya zilikuwa zinalia. "Ufe upesi, nimeshakichagua kile kitenge chako cha bluu. Na viatu pia. Kaburini utakwenda peku, Mzaramo we."

"Milembe, sitanii."

"Hata mimi sitanii, vile viatu vinanitosha!" Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa nguzo. "Rudi upesi, bwana, gari ya tatu inayumba." Akakata.

Chiku alibaki ameshika simu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ukali kama mtu anayefukuza nzi. Milembe alimpenda, na Milembe hakusikia kitu. Aliyelala kule Tanga naye aliongea na mtu anayempenda vilevile, wote wawili wakicheka, na kicheko chao ndicho kilichomfunga. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyesikia, naye alikuwa amesimama barazani akitafuta kisingizio.

Wallahi, alikichukia kichwa chake.

Aliingia ndani kabla miguu haijabadili nia. "Ule ni utani," alisema. "Andika hivyo. Napinga."

"Dada Chiku…"

"Luhende ni Msukuma, mimi ni Mzaramo. Hakusema Mwanza, dada Koku. Alisema Tanga. Kwenu labda hamna hayo, kwetu kila mtu angejua. Mwamshe."

Koku aliirudisha miwani puani, akagusa ukuta. Chiku hakuweza kukaa. Alizunguka chumba, akasoma tangazo la kunawa mikono, akalisoma tena, mpaka ukuta ukafunguka kwa mwanga na uso wake mwenyewe ukatokea, umevimba kwa usingizi, nywele zimesukwa mtindo ambao yeye hajawahi kusuka. Alikuwa amenenepa kidogo na rangi imempendeza. Pembeni alionekana Luhende, jitu zima, ameinamisha kichwa kama aliyevunja chungu cha watu.

"Ulijua?" Chiku alimwuliza yeye kwanza.

"Nilijua mtambo ulipolia," alisema Luhende kwa sauti ya chini. "Nilidhani bado tunapiga soga, dada yangu. Sisi kila asubuhi tunaanza hivyo. Nilikuwa sijamwuliza bado. Mtambo ukachukua, na muuguzi akaja na sindano yake. Nikaogopa kusema. Nisamehe."

Koku aliingilia kwa sauti ya kazi. "Chiku uliyeko Tanga, jibu lako la kwanza limepingwa na mwenzio. Limefutwa, na lake limefutwa. Unaulizwa upya. Mji gani?"

Chiku wa Tanga hakujibu. Alitazama chini, akatazama pembeni, akamtazama yule wa Mwanza moja kwa moja. Chiku alikijua kimya kile, ni chake, na kilimwuma kuliko jibu.

"Tanga," alisema. Hakucheka.

Chiku wa Mwanza alivuta kiti. Sasa alikaa.

"Ngojeni," alisema yule wa Tanga. "Naruhusiwa kuongea naye? Kwa nini umesema? Hukujua kitakachokupata?"

"Niliambiwa."

"Na bado ukasema?"

"Ningefanyaje? Nilikusikia."

Yule mwanamke alifunika uso kwa viganja. Aliposhusha mikono alikuwa analia waziwazi, na maneno yalimtoka kwa shida. "Nitakuambia kweli, maana nina deni la ukweli kwako. Mimi nisingesema. Nimepata mtu huku, nimepata maisha, sijawahi kuwa hivi. Ningekuwa mimi ndiye niliyekusikia wewe ukitania, ningenyamaza kimya. Haki ya Mungu tena. Ningekuacha ulale."

Luhende alimtazama Koku, na Koku akaitazama sindano aliyokuwa ameiandaa mezani.

Chiku aliyatafakari maneno yale, na hasira aliyoitarajia haikuja. Kilichomjia ni mshangao tu. Miezi mitatu iliyopita walikuwa mtu mmoja, wamezaliwa na mama mmoja tumbo moja siku moja. Leo mmoja angesema na mwingine angenyamaza.

"Basi mimi na wewe si mtu mmoja," alisema.

"Dada," alisema Koku, na sasa hakuwa na sauti ya kazi. "Limebaki swali moja. Huulizwa kila mtu kabla ya sindano ya pili, na kila mtu husema ndiyo, kwa hiyo hata hatulitiliagi maanani. Sheria inataka wote wawili mkiri kwamba ninyi ni mtu mmoja. Bila hivyo kumpumzisha mmoja wenu kuna jina lingine." Akaisogeza sindano kando. "Anayekana ndiye anayeliacha jina. Sikufichi. Atatoka hapa hana jina, hana kazi, hana nyumba, hata mama hana. Panda tuna watu wa kuhakikisha hilo. Hakuna aliyewahi kukana."

"Kwa nini?"

"Sijui. Labda kufa ukiambiwa hufi ni rahisi zaidi."

Chiku alimfikiria mama yake. Siku ya sikukuu mama atafungua mlango pale Kisarawe, ataingia mwanamke mwenye nywele mpya na bwana wa Tanga, na mama atamkumbatia, wala hatajua kwamba kuna mwingine. Hilo lilimkata maini. Alifikiria gari za kamba, mkono wake ulivyozoea kuzifungua na kuzifunga. Alifikiria kulala kwenye kile kitanda cha pembeni chenye shuka jeupe lililonyooshwa vizuri sana, na kutoamka.

"Mama akikuuliza umenenepa kwa sababu gani," alimwambia yule wa Tanga, "usimwambie ni wali. Atakucheka mwaka mzima."

"Unafanya nini?" yule aliuliza. "Chiku! Unafanya nini?"

"Chiku ni wewe. Chukua."

Koku alisoma swali kwa sauti iliyokwaruza. "Je, wewe na aliyeko mbele yako ni mtu mmoja?"

Wala hakunyamaza kwanza. "Hapana," alisema. "Tuko wawili."

Mtambo haukulia mlio uleule. Ulilia mwingine, mrefu, ambao hata Koku alionekana hajawahi kuusikia, na uso wa Tanga ukazimika ukiwa bado unaita. Koku alimvua bangili ya mkononi iliyokuwa ikimfungulia nyumba na kazi. Alipomaliza aliushika mkono huo kwa viganja vyake viwili, akautikisa, akashindwa kutaja jina la kumuagia. "Haya," alisema. "Haya, dada."

Nje jua lilikuwa kali. Alikwenda kwa mazoea mpaka kwenye lango la gari za kamba, akaweka mkono, na lango likamkatalia kwa taa nyekundu. Aliweka tena. Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika, mama mmoja mwenye kapu la dagaa akamwambia kama hana nauli asogee wenzie wapite. Alisogea. Juu, gari ya tatu ilipita ikiyumba upande wa kushoto, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Akaanza kushuka kilima kwa miguu, kwenye ngazi zilizochongwa kati ya mawe, bila kujua ngazi zikiisha atakata kulia au kushoto. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Katikati ya mteremko, mbele ya mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki, tumbo lilimnguruma kwa sauti mpaka mwanamke yule akainua macho. Njaa ilimkamata vibaya, naye akasimama akiisikiliza. Ilikuwa yake peke yake, na mwanamke wa Tanga hakuwa na habari nayo.